Kisima cha Donald

Tukisikia neno usonji, wengi wetu humfikiria mtoto. Mimi humfikiria mzee mmoja wa benki.

Donald Triplett alizaliwa 1933 huko Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, Marekani. Utotoni alipenda kuhesabu na kurudia maneno yaleyale. Watu waliomzunguka ni kama hakuwaona. Mwaka 1937 wazazi wake walishauriwa wampeleke kwenye taasisi, akae huko. Mwaka mmoja baadaye walimtoa, ingawa mkuu wa taasisi alipinga, wakampeleka Baltimore kwa daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11 wenye hali hiyo. Donald ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Lakini sehemu ninayoipenda haikutokea hospitalini. Kuanzia 1942 Donald aliishi na mume na mke wakulima, watu wa jembe tu. Waliona kijana anapenda kupimapima vitu, wakamwambia achimbe kisima kisha awaambie kina chake. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, hawakumgombeza. Walimpa farasi na plau: haya, hesabu huku ukilima. Kanner alipowatembelea 1945 alimwona akilima, na akashangaa jinsi alivyoimudu kazi.

Donald alipata digrii ya Kifaransa 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akaendesha gari, akacheza gofu, akazunguka dunia. Alifariki 2023 akiwa na miaka 89.

Sasa tusidanganyane. Benki hiyo ilikuwa ya jamaa za mamake. Ndugu yangu mdogo naye ana usonji, na sisi hatuna benki. Mpe stoo nzima, atakwambia kilichopungua hata kabla hujafungua daftari. Mara tatu ameitwa mahojiano ya kazi, na mara tatu ameangushwa kwa sababu hamtazami mtu machoni. Ati hajiamini!

Wale wakulima nao hawakuwa na benki. Walichofanya ni kutazama anachokipenda kijana, kisha kumtafutia mahali kinapofaa. Hilo hata bosi wa Industrial Area anaweza. Mtumie maswali mapema, ama acha maswali kabisa. Mpe stoo siku moja ahesabu, halafu ndio useme kama anafaa.