Nauli moja kutwa nzima: Jiji linalolipia kiti mara mbili

Saa 10 alasiri, kabla ofisi nyingi za mjini hazijafungwa, stendi ya Makumbusho huwa imekwisha kufurika. Abiria wanaoelekea Tegeta, Boko, Bunju na Mbweni hawangoji daladala lipaki. Wenye haraka ya kupata kiti hulidaka huko nyuma, likiwa bado linakuja kushusha. Hulipa nauli ya kuingia nalo stendi, wakabaki wamekaa, kisha wakalipa nyingine ya kutoka nalo. Huko ndiko kugeuza na gari, na kila mkazi wa Dar es Salaam anakujua.

Kugeuza hakumo katika tangazo lolote la nauli. Nauli rasmi za daladala hupangwa kwa umbali, na mwanafunzi hulipa pungufu. Desemba 2023, kwa mfano, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya kilomita 10 za kwanza mjini kutoka Sh500 hadi Sh600. Bei ni ile ile saa 6 mchana gari likiwa na viti vitupu, na saa 12 jioni abiria wakining'inia mlangoni.

Chanzo cha adha hii ya usafiri kiko mbali. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905, walikuwa wanafuata mazao na bidhaa za bara. Reli ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Reli ya TAZARA, iliyozinduliwa 1976, ilijengwa kuipa Zambia njia ya kupitishia shaba yake bandarini. Zote mbili zinatoka mjini kuelekea magharibi na kusini magharibi. Upande wa kaskazini, kuanzia Mwenge hadi Mbweni na Bunju, haukupata reli wala kituo. Huko watu wamehamia kwa maelfu wakitegemea Barabara ya Bagamoyo peke yake.

Mabasi nayo yalielemewa. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoanzishwa 1974, lilikuwa na mabasi marefu ya Ikarus, yale ya kumbakumba, lakini vipuri na fedha za kigeni viliadimika na magari yakalala gereji. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu rasmi magari ya watu binafsi, na daladala zikashika jiji. Mwenye gari anadai hesabu yake ya siku, kwa hiyo konda hujaza. Mwanafunzi mwenye nauli yake pungufu ndiye wa kwanza kuzuiwa mlangoni jioni.

Oktoba 29, 2012 jiji lilipata treni ya abiria wa mjini, ambayo wananchi waliiita kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe. Ya Kampuni ya Reli Tanzania (TRL) ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa. Ya TAZARA ilipita Kwa Fundi Umeme na Kigilagila hadi Mwakanga. Ilikuwa faraja kubwa kwa watu wa Temeke na Ubungo. Lakini ilipangwa kwenda asubuhi na jioni tu, mchana ilipumzika. Muuza samaki aliyemaliza kazi sokoni Feri saa 8 mchana hakuwa na treni ya kupanda, hata kama angekuwa tayari kuukwepa msongamano.

Kwingine saa imekuwa sehemu ya bei kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1883 ya Uingereza iliyabana makampuni ya reli yatoe treni za bei nafuu kwa vibarua waliosafiri alfajiri. Singapore, kuanzia Juni 2013 hadi Desemba 2017, ilimsafirisha bure abiria wa treni aliyeshuka katika vituo vya katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi. Nairobi saa ina bei pia, ila inamuumiza abiria: matatu hupandisha nauli jioni na mvua inyeshapo.

Naamini Dar es Salaam inapaswa kujifunza kwa hao wawili wa kwanza. Nauli ya pili anayotoa abiria anayegeuza haileti gari jingine barabarani. Inamnunulia kiti yeye, na inamwacha mjamzito asiye nayo akisimama hadi Tegeta. Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi kuelekea Tegeta unatoa nafasi ya kuanza upya, kwa kuwa abiria anayelipa kwa kadi anaweza kutozwa pungufu mchana bila kubishana na konda.

Punguzo hilo litakuwa na maana endapo mabasi yatapita mchana kwa wingi na kwa ratiba inayoaminika. Na jioni nauli isiongezwe hata senti, maana kibarua na mfanyakazi wa ndani hawachagui saa ya kutoka kazini. Anayeweza kuondoka mapema apewe sababu ya kuondoka mapema, ili asiyeweza apate pa kukaa.