Kabla ya Sheria Na. 180: Trieste na Safari ya Wagonjwa wa Akili kutoka Hospitalini hadi Katika Jamii, 1971–1980

Ikisiri
Makala hii inachunguza namna mji wa Trieste, kaskazini-mashariki mwa Italia, ulivyohamishia huduma za wagonjwa wa akili katika jamii. Hoja yake kuu ni kwamba mafanikio ya Trieste hayakuletwa na Sheria Na. 180 ya mwaka 1978. Sheria hiyo iliukuta mji umekwisha kuwatoa watumishi na huduma nje ya kuta za hospitali.

1. Utangulizi
Kwa zaidi ya miaka 70, maisha ya wagonjwa wa akili nchini Italia yaliongozwa na sheria ya Februari 1904. Sheria hiyo iliagiza kufungiwa kwa mtu aliyedhaniwa kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wenzake, ama aliyeleta fedheha hadharani. Kulazwa kwake kuliandikwa katika kumbukumbu za mahakama, palipoandikwa pia hukumu za wahalifu. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1968. Ugonjwa wa akili, kwa hiyo, ulihesabiwa kuwa suala la usalama wa umma kabla ya kuwa suala la tiba.

2. Kutoka Gorizia hadi Trieste
Daktari Franco Basaglia alishika uongozi wa hospitali ya Gorizia mwaka 1961. Aliacha kuwafunga wagonjwa, akafungua milango ya wodi na kuanzisha mikutano ambamo mgonjwa, muuguzi na daktari walizungumza kwa usawa. Mwaka 1968, mgonjwa aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani alimuua mkewe. Basaglia alishtakiwa, kisha akaachiwa huru. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mageuzi yasiyo na huduma nje ya hospitali humwacha mgonjwa na familia yake bila msaada.

Agosti 1971 Basaglia alihamia hospitali ya San Giovanni mjini Trieste, iliyokuwa na wagonjwa wapatao 1,200. Huko alipata jambo alilolikosa Gorizia: Michele Zanetti, kiongozi wa serikali ya mkoa, iliyokuwa na dhamana ya hospitali hiyo, alimuunga mkono.

Hatua zilifuatana kwa mpangilio. Kwanza, kazi. Wagonjwa waliokuwa wakifagia na kufua bila ujira halali waliunda ushirika uliotambuliwa kisheria mwaka 1972, wakapata mikataba na mishahara. Pili, makazi. Walioruhusiwa lakini hawakuwa na pa kwenda waliendelea kuishi San Giovanni wakiwa wageni, si wafungwa, na wengine wakahamia katika nyumba za pamoja mjini. Tatu, kuanzia mwaka 1975, vilifunguliwa vituo vya afya ya akili vyenye vitanda vichache, na wauguzi wa hospitali wakahamia humo. Wodi ilifungwa pale ambapo huduma ya kuirithi ilikuwa imeanza kupatikana.

Jamii nayo ilihusishwa. Mapema mwaka 1973 wagonjwa na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa buluu, wakampa jina la Marco Cavallo, farasi aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo za kufuliwa hospitalini. Lango lilikuwa dogo kuliko farasi, ikabidi livunjwe ndipo maandamano yaingie mjini.

3. Sheria na mipaka yake
Bunge lilipitisha Sheria Na. 180 tarehe 13 Mei 1978, likiwa katika shinikizo la kura ya maoni iliyokusudia kufuta sheria ya 1904. Ilikataza kujenga hospitali mpya za aina hiyo, ikaweka wodi zisizozidi vitanda 15 katika hospitali za kawaida, na tiba ya lazima ikahitaji amri ya meya pamoja na uangalizi wa hakimu. Desemba mwaka huohuo iliingizwa katika sheria iliyounda huduma ya afya ya taifa.

Hata hivyo, haikutenga fedha mahususi kwa vituo vya jamii. Majimbo yaliyokuwa na vituo yalisonga mbele. Yasiyokuwa navyo yaliwarudishia mzigo ndugu wa wagonjwa, ambao baadhi yao waliunda vyama kudai huduma. Mpango wa kwanza wa kitaifa wa afya ya akili ulisubiri hadi miaka ya 1990, na hospitali za mwisho zilifungwa mwishoni mwa muongo huo. San Giovanni ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1980, mwaka aliofariki Basaglia.

4. Hitimisho
Tofauti kati ya Trieste na kwingineko haikuwa sheria, kwa kuwa sheria ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mfuatano wa hatua. Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako hospitali kubwa kama Mirembe, Mathari na Butabika zimebeba kwa muda mrefu sehemu kubwa ya wajibu huu, swali la kwanza la sera si lini vitanda vipunguzwe. Ni nani atakayempokea mgonjwa siku atakayotoka, kwa mshahara wa nani, na katika nyumba ipi.