Meno ya Watoto, Utunzaji wa
Meno ya utotoni, ambayo jumla yake ni 20 na ambayo aghalabu huanza kuota mtoto afikapo umri wa miezi 6, hutaka kusafishwa tangu lile la kwanza, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye madini ya floridi isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele, kipimo ambacho mzazi wa Mahege, wilayani Kibiti, katika nchi ya mpunga ya Rufiji, hana haja ya kufasiriwa. Mswaki wa mti wafaa pia, ijapokuwa mkono wa mtoto ni taabu kuufikisha kwenye magego.

Lililo kubwa la kuhadharishwa ni itikadi ya “meno ya plastiki”, iliyojulikana Tanzania tangu miaka ya 1980: mtoto mchanga ashikwapo na homa au kuharisha, uvimbe mweupe wa ufizi, ambao kwa hakika ni chonge isiyochomoza bado, hutuhumiwa kuwa ndio chanzo, ukachimbuliwa kwa chombo kisicho safi. Matokeo yake ni kuvuja damu, pepopunda, na kuharibika kwa jino la kudumu lililo chini yake. Na maradhi yenyewe, pengine malaria, huachwa bila tiba.

Gego la kwanza la kudumu huota takriban umri wa miaka 6, nyuma ya mengine, pasipo kung’oka jino lolote. Kwa hiyo wazazi wengi hulidhani la kitoto, wakaliacha lioze.