Kabuta: Mwambao wa Ziwa Mweru uliolisha migodi ya shaba

Mgeni anayefika Kabuta, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Nchelenge kaskazini mwa Zambia, haoni shimo la mgodi wala reli. Anachokiona ni mitumbwi iliyovutwa mchangani, nyavu zinazotengenezwa kivulini na dagaa walioanikwa juani. Hata hivyo, historia ya mwambao huu haielezeki bila kuitaja shaba.

Kabuta iko wapi?

Kijiji hiki kipo mkoa wa Luapula, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari na lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,000. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita majini. Mto Luapula huingia kutoka kusini, na mto Luvua hutoka kaskazini, Pweto.

David Livingstone aliliona ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867. Wakati huo misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari ikifika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa bonde la Luapula.

Kitoweo cha wachimbaji

Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliojenga makao Kasenga, upande wa Kongo wa mto Luapula, wakawa wanapeleka huko samaki wa Mweru. Baadaye migodi ya Copperbelt, katika Rhodesia ya Kaskazini, ikafungua soko jingine.

Aliyeathirika zaidi ni mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa msimu wa mvua ili kutaga. Alivuliwa akiwa njiani, tumbo limejaa mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, makundi hayo yalikuwa yameporomoka. Miongo iliyofuata, biashara ikaelekea kwa chisense, dagaa wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Wanawake wengi hujipatia riziki kwa kuwaanika na kuwauza.

Shaba yavuka ziwa

Mwaka 2002 mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi ulianza kazi upande wa Kongo, karibu na mji wa Kilwa. Madini yake yalivushwa ziwani hadi Nchelenge, kisha yakaendelea kusini kwa malori.

Oktoba 2004, jeshi la Kongo lilipoingia Kilwa kuzima uasi mdogo, zaidi ya watu 70 waliuawa, na maelfu wakakimbia, wengi wao wakivuka maji kuingia Zambia. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeitaka serikali ya Kongo kuwalipa waathiriwa fidia ya dola milioni 2.5.

Mambo ya kuzingatia

Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, ndicho kipindi chepesi kusafiri. Anayekwenda Julai anaweza kupitia Mwansabombwe kushuhudia Mutomboko, sherehe ya kila mwaka ya Mwata Kazembe.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia, hivyo chandarua na dawa za kinga ni lazima. Ziwa lina mamba. Kuvuka kwenda Kongo ni kuvuka mpaka wa kimataifa, na hati za kusafiria zinahitajika.

Lugha kuu ni Kibemba, na "mwapoleni" ni salamu ya heshima. Kiswahili husikika kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa. Ni uungwana kumwona kwanza mkuu wa kijiji na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kwa kawaida uvuvi hupigwa marufuku kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaliana. Mgeni anayefika wakati huo ataukuta ufukwe umepoa. Kwa familia za wavuvi, hiyo ni miezi mitatu ya kipato haba, gharama inayolipwa ili samaki waliosalia wasifuate njia ya mpumbu.