Historia Fupi ya Mirija ya Kaboni na Matufe Yaliyomo Ndani Yake

Kaboni ni kitu kimoja chenye sura nyingi. Almasi ni kaboni, na grafiti iliyomo katika kalamu ya risasi ni kaboni vile vile. Lakini almasi huzuia umeme, na grafiti huupitisha. Tofauti hiyo haitokani na atomi zenyewe, maana ni zile zile, bali yatokana na mpango wake. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyotambua yatokeayo sura mbili za kaboni zinapokutana.

Mwaka 1947 P. R. Wallace, akiwa Kanada, alikokotoa hali ya elektroni katika grafiti, akianza na utando mmoja wenye unene wa atomi moja. Mwaka 1985, huko Houston, Marekani, Kroto, Curl na Smalley waliipiga grafiti kwa mwanga wa leza, wakapata molekuli ya atomi 60 yenye umbo la mpira. Kisha mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza habari za mirija myembamba ya kaboni aliyoiona kwa hadubini ya elektroni.

Mrija huo wafanana na utando wa Wallace uliokunjwa kama mkeka. Kwa sababu hiyo wananadharia walisema, mwaka 1992, ya kuwa namna ya kukunjwa ndiyo iamuayo kama mrija utapitisha umeme mfano wa metali, au kwa kiasi tu mfano wa silikoni. Majaribio ya mwaka 1998 yalithibitisha neno lao.

Mwaka huo huo Smith, Monthioux na Luzzi, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliona matufe ya atomi 60 yamejipanga ndani ya mrija, kama njegere katika ganda lake. Hawakuyapanga wao, waliyakuta humo. Hapo swali likazuka: je, matufe hayo ni abiria tu, au huubadili mrija uliyoyabeba?

Jibu lilipatikana mwaka 2002. Wachunguzi waliipima mirija hiyo kwa hadubini yenye ncha kali, ipitayo juu ya kitu bila kukigusa. Wakaona ya kwamba hali ya elektroni katika mrija hubadilika mahali penye matufe, na kwamba matufe yaliyofuatana kwa nafasi sawa huzaa ngazi mpya ya nishati, iliyorithi tabia ya mrija na ya tufe pia, kama mtoto arithivyo kwa baba na kwa mama.

Basi msomaji aangalie: aliyejua habari za mrija peke yake, na habari za tufe peke yake, hakuwa amejua bado habari za viwili hivyo pamoja. Kilichofichwa ndani hakikuonekana kwa nje, lakini kazi yake ilikuwa ikitendeka.