Mahindi yalitangulia, mayonezi ikafuata

Kutoka Kibumba hadi Goma, chukudu haihitaji injini. Barabara ya Rutshuru inateremka kuelekea ziwani, na vijana hupakia magunia ya birayi, mashu na karoti juu ya mbao hizo za magurudumu mawili, kisha wanajiachia. Msimu wa mahindi mabichi ukifika, nayo hupandishwa juu ya mzigo. Jioni yatakuwa kwenye mbabula kando ya njia, maganda yamevutwa nyuma, mama akiyageuza kwa vidole juu ya makala na kuyapepea kwa kipande cha katoni.

Hindi kama hilo, likiuzwa barabarani nchini Mexico, huitwa elote. Hupakwa mayonezi au krimu, likavingirishwa kwenye jibini iliyosagika, likanyunyiziwa pilipili na kukamuliwa ndimu. Mtu wa Goma akilionja anaweza kudhani kwamba mahindi yake ya kuchoma ni nakala iliyopungukiwa. Historia inasema vingine.

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte. Pilipili nayo ni mzawa wa huko. Ng'ombe hawakuwepo kabisa: jibini ilifika na Wahispania, walioiangusha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521. Ndimu, yenye asili ya Asia, ililetwa na Wahispania haohao. Mayonezi ni mgeni zaidi, kwani jina lake linaonekana katika vitabu vya upishi vya Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na mapishi ya barabarani ya Mexico yaliizoea katika karne ya 20.

Wakati huo mahindi yalikuwa yameshazeeka Kongo. Mfanyabiashara Mreno Duarte Lopes, aliyeishi katika ufalme wa Kongo, alimsimulia Filippo Pigafetta mambo aliyoyaona, na kitabu kikachapwa Roma mwaka 1591. Mahindi yamo. Yanatajwa kuwa nafaka duni kuliko zote, chakula cha nguruwe! Ni dharau ambayo hakuna mama wa mbabula angeivumilia leo.

Mashariki yalipenya pia kwa njia za misafara kutoka pwani. David Livingstone alipokuwa Manyema mwaka 1870 na 1871, aliyakuta yakilimwa na kuhifadhiwa kwa wingi. Kwenye milima ya volkano mtama, ulezi na maharage vilikuwa vimeshatangulia, na hadi leo mkulima wa Kibumba huchanganya mahindi na maharage katika shamba moja.

Kibumba iko kati ya Nyiragongo na Mikeno. Udongo wake una rutuba, ila maji ya mvua huzama kwenye mawe ya volkano. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika hapo kwa mamia ya maelfu, maji yalilazimika kuletwa kwa malori, na kipindupindu kikaua watu wengi. Mahindi makavu waliyopewa kama msaada yalitaka kuchemshwa muda mrefu, na kuni zilitoka Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kambi ilivunjika kwa mashambulizi ya Oktoba 1996. Mwishoni mwa 2022 vita vya waasi wa M23 viliifanya Kibumba kuwa mstari wa mbele. Kila barabara ya Rutshuru inapozibwa, Goma hula kwa shida.

Jibini iko jirani. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ulaya walifundisha kuitengeneza kwenye malisho ya Masisi, na magurudumu yake yamesafiri hadi Kinshasa.

Basi anayetaka elote nyumbani Goma ana kila kitu. Achague mahindi meupe ambayo punje yake, ikibonyezwa kwa ukucha, hutoa maziwa. Ikitoa maji tu ni changa mno, na ikiwa ngumu imefaa kusagwa unga wa bugali. Mapishi mengi ya Marekani hudai mahindi matamu ya njano, lakini barabarani Mexico wenyewe hutumia haya meupe. Achome juu ya makala yaliyokwisha kuwaka moto, si penye miali, hadi punje ziwe na madoa ya kahawia. Yakiwa bado moto apake safu nyembamba ya mayonezi. Jibini ya Masisi ni laini na haina chumvi nyingi kama ile ya Mexico, hivyo ikwaruzwe na kuongezewa chumvi kidogo. Pilipili kavu iliyotwangwa na ndimu humalizia.

Wenye meno mabovu hawajasahaulika: Wamexico hupukuchua punje, wakazitia kikombeni pamoja na vikolezo vyote na kuzila kwa kijiko.