Gurudumu na Upepo

Ewe msomaji, umwonapo mwendesha bodaboda wa Migori au Homa Bay akifungua gurudumu uani kwake, jua kwamba kazi ile ina asili yake. Pikipiki ya Daimler ya mwaka 1885 ilikwenda kwa magurudumu ya mti yaliyovikwa chuma; hayakujua pancha. Mwaka 1888 Dunlop, daktari wa wanyama wa Belfast, alisajili tairi yake ya upepo. Upepo ukaleta raha, ukaleta na pancha. Basi mwendeshaji hupanga chini nati, bushi na ekseli kama zilivyotoka, ili zirudi kinyume chake. Hukaza, huzungusha gurudumu, hujaribu breki, ndipo apakie abiria. Nati moja ikisahauliwa, roho mbili zimo hatarini.